Mabano katika Biblia Yako

(Hotuba kwa vijana na wazazi, ukumbi wa kanisa, Goma, 2025)

Bwana Yesu asifiwe. Asifiwe tena.

Wazazi wangu mliokaa mbele, kaka na dada zangu, na ninyi vijana mliosimama kule nyuma kwa sababu mabenchi yameisha, asanteni kwa kuja. Wiki mbili zilizopita tuliweka kikapu pale mlangoni, tukaomba kila mwenye swali juu ya imani aliandike bila kutia jina. Nilidhani tutapata karatasi kumi. Zimekuja 43. Nimezisoma zote, nyingine mara mbili, na moja imekaa mfukoni mwangu tangu Jumatano. Hiyo nitaisoma mwisho.

Naanza na ya msichana wa miaka kumi na sita. Anasema alikuwa anasoma Mathayo 17 katika Biblia yake, ile ya Union Version tuliyo nayo karibu sisi sote, akafika mstari wa 21 akakuta mstari mzima umefungiwa ndani ya mabano: "Lakini namna hii haitoki ila kwa kusali na kufunga." Akageuza ukurasa. Mathayo 18:11, mabano tena. Akamwuliza kiongozi mmoja wa maombi mabano hayo ni ya nini. Akajibiwa kwamba maswali ya namna hiyo huletwa na Shetani.

Binti yangu, popote ulipo humu ndani, nakuomba radhi kwa niaba yetu wakubwa. Swali lako limeletwa na macho yako, na macho umepewa na Mungu. Waliotutafsiria Biblia ndio walioweka mabano yale, na waliyaweka makusudi ili uyaone. Wanakuambia kwamba maneno haya hayamo katika baadhi ya nakala za kale tunazoziamini zaidi. Wangeweza kunyamaza. Nani hapa kwetu angekwenda kuwachungulia? Hawakunyamaza. Na mimi, ambaye nimefundisha historia kwa miaka mingi na kuona jinsi watu wanavyoficha mambo, mabano hayo ni moja ya sababu zinazonifanya nikiamini kitabu hiki.

Karatasi 19 kati ya zile 43 zinauliza jambo hilohilo kwa maneno tofauti. Biblia ilibadilishwa? Tutajuaje tunachosoma ndicho kilichoandikwa? Mmoja ameulizwa na jirani yake Mwislamu sokoni Birere, mwingine ameona video kwenye simu. Kwa hiyo hapa nitakaa kidogo, na nitawaeleza kwa jambo lililotupata wenyewe.

Wenye umri wangu mnaikumbuka tarehe 17 Januari 2002. Nyiragongo ilipasuka, lava ikashuka ikapita katikati ya mji mpaka ziwani. Sisi tulikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka Rwanda, na magodoro kichwani. Nyuma yetu kiliungua chumba cha korali yetu, na kabati, na ndani ya kabati daftari kubwa la nyimbo ambalo mwalimu wetu wa kwanza wa korali alikuwa ameliandika kwa mkono wake. Yeye mwenyewe alikuwa ameshafariki. Fotokopi haikuwepo.

Tuliporudi, siku moja mwezi wa pili, tulikaa juu ya yale mawe meusi ambayo mvua ikinyesha yalikuwa bado yanatoa mvuke. Mama mmoja wa sauti ya kwanza akafungua kitenge chake akatoa kaye, yaani daftari lake dogo. Ndipo tukakumbuka: kila mwimbaji alipoingia korali alikuwa akijinakilia nyimbo katika kaye yake. Tukatangaza. Zikapatikana kaye saba.

Tukaanza kuzilinganisha, na jambo la kwanza tuliloliona lilitutia hofu. Hakuna kaye mbili zilizofanana neno kwa neno. Mtu wa haraka angesema nyimbo zimepotea, tuachane nazo. Lakini tuliokaa nazo jioni tatu tuliona kitu kingine. Tofauti nyingi zilikuwa za tahajia tu: huyu ameandika "mlima", yule ameandika "mulima" kama anavyosema nyumbani. Katika wimbo mmoja, mistari miwili ilikuwa inaishia na "mkono wako", na kaka mmoja alikuwa ameuruka wa pili mzima. Jicho lake lilitoka kwenye "mkono wako" wa kwanza likatua kwenye wa pili, akaendelea kuandika. Kosa hilo halikutusumbua, maana kaye sita nyingine zilikuwa na mstari ule.

Gumu lilikuwa neno moja. Kaye nne zilisema "wewe ni nguzo yangu", tatu zikasema "nguvu yangu". Yote mawili yanaimbika. Tukataka kupiga kura. Mama yule wa kitenge akatukataza, akauliza: hizi tatu zimetoka wapi? Tukafuatilia. Kumbe wawili walikuwa wamenakili kutoka kwa dada mmoja, ambaye ndiye wa tatu. Makosa yao mengine yalifanana pia. Kwa hiyo hawakuwa mashahidi watatu, walikuwa shahidi mmoja aliyesema mara tatu. Na zile nne zilikuwa zimenakiliwa na watu wasiojuana, miaka tofauti. Tukaandika "nguzo".

Miezi kadhaa baadaye akaja dada kutoka Idjwi, kisiwani. Alikuwa ameolewa huko tangu 1993 na kaye yake ilikuwa ya zamani kuliko zetu zote. Tukaifungua kwa pupa. Ilisema "nguzo". Lakini pia ilitunyang'anya kitu: ule wimbo tunaoupenda kuliko zote haukuwa na ubeti wa mwisho. Tukakasirika, tukasema dada ameuacha. Mzee mmoja akainua mkono akasema hapana, ubeti ule uliongezwa na vijana wa korali mwaka 1996, wakati wa vita, naye alikuwepo. Basi katika daftari jipya tuliuandika, tukauwekea mabano kwa penseli. Tunauimba hadi leo. Kila mtoto anayeingia korali anaambiwa umetoka wapi.

Sasa ndugu zangu, mkiyaelewa haya ya korali, mmeshaelewa kazi ya wataalamu wa maandiko ya Biblia. Maandishi ya mkono wa Paulo au wa Yohana hayapo tena. Yameisha kama daftari letu. Kilichobaki ni kaye. Za Agano Jipya kwa Kigiriki peke yake ni zaidi ya 5,000, nyingine kitabu kizima, nyingine kipande cha ukurasa. Tofauti zake ukizihesabu zote ni mamia ya maelfu. Msimwogope mtu anayewatajia hesabu hiyo, ni ya kweli. Kaye zikiwa nyingi, tofauti huwa nyingi, na njia ya kuzisahihisha nayo hupanuka. Sehemu kubwa ni "mlima" na "mulima". Vifungu virefu vyenye shaka ni viwili, kila kimoja mistari kumi na miwili hivi: mwisho wa Marko, 16:9 mpaka 20, na kisa cha mwanamke aliyefumaniwa, Yohana 7:53 mpaka 8:11. Nimewatajia mahali ili mkasome wenyewe. Na maneno ya 1 Yohana 5 juu ya mashahidi watatu wa mbinguni, hayo yana mabano katika Biblia zenu. Msiyatumie kumthibitishia mtu Utatu. Kanisa liliukiri Utatu bila kuyategemea.

Kaye ya dada wa Idjwi nayo ipo. Mwaka 1947, mapangoni Qumran karibu na Bahari ya Chumvi, wachungaji wa Kibedui walikuta magombo ndani ya mitungi. Moja ni Isaya nzima, ngozi iliyoshonwa yenye urefu wa zaidi ya mita saba, iliyoandikwa zaidi ya miaka mia moja kabla ya Yesu kuzaliwa. Kabla ya hapo, nakala za Isaya za Kiebrania tulizokuwa nazo zilikuwa za karne ya kumi baada ya Kristo. Miaka elfu moja ya kunakili kwa mkono ikawekwa mezani, ya kale kando ya ya baadaye. Ni Isaya yuleyule. Tahajia inatofautiana mno, maneno hapa na pale yanatofautiana, na katika 53:11 gombo lile lina neno "nuru" ambalo nakala za baadaye zimelipoteza: mtumishi wa Bwana, baada ya mateso yake, ataona nuru. Tafsiri nyingi za sasa zimelirudisha. Mimi nilipolijua hilo mara ya kwanza niliweka kitabu chini nikatembea uani.

Kuna kingine kidogo sana. Toeni kadi ya mpiga kura, ile tunayotembea nayo kama kitambulisho. Karibu na ukubwa huo ni kipande cha mafunjo kinachotunzwa Manchester, Uingereza, chenye maneno ya Yohana 18, Yesu akiwa mbele ya Pilato, pande zote mbili. Wengi wanaojua miandiko ya kale wanakiweka katika karne ya pili. Kilitoka Misri. Mchanga mkavu wa Afrika ndio uliokitunza.

Na hapo niguse swali jingine: nani alichagua vitabu vya Biblia? Mmeambiwa ni mfalme Konstantino, kwenye mkutano wa Nikea mwaka 325. Mkutano ule ulijadili fundisho la kasisi Ario, aliyekana kwamba Mwana ni Mungu kweli, na kanuni 20 za mkutano huo zipo, zinasomeka. Hakuna hata moja inayoorodhesha vitabu vya Biblia. Orodha ya kwanza tuliyo nayo yenye vitabu 27 vya Agano Jipya kama vyetu hasa iliandikwa mwaka 367 na Athanasio, askofu wa Aleksandria, Misri. Baadaye mikutano ya Hippo mwaka 393 na Kartago mwaka 397 ikaithibitisha orodha hiyo. Zote hizo ni Afrika. Katika Agano la Kale Wakatoliki wana vitabu zaidi kuliko Waprotestanti, hata Biblia nzima ikawa 73 kwa 66, na humu tumo wote, tusigombane leo. Wakatoliki na Waprotestanti, Injili zetu ni zilezile nne.

Zinapingana? Karatasi sita zinauliza. Mmoja amefanya kazi nzuri kabisa: Marko anataja wanawake watatu waliokwenda kaburini, Yohana anamtaja Mariamu Magdalene tu. Mwanangu, soma mstari wa pili wa Yohana 20, maneno ya Mariamu anapowakimbilia akina Petro: "hatujui walikomweka." Hatujui. Mtu aliyekwenda peke yake angesema sijui. Yohana amechagua kumfuata mmoja, lakini wenzake wamebaki ndani ya kitenzi. Sisemi kila tofauti inafunguka kwa urahisi huo. Kifo cha Yuda katika Mathayo na katika Matendo, nimesoma maelezo mengi na hakuna lililonitosheleza. Naliacha wazi. Ninachojua ni kwamba wazee wa kanisa walizijua tofauti hizo tangu zamani, na ingawa Tatiano katika karne ya pili alizishona injili nne zikawa moja, mwishowe kanisa lilibaki na zote nne na tofauti zake.

Sasa lenye uzito kuliko yote. Tutajuaje kwamba Yesu alifufuka, na si hadithi iliyokua polepole?

Fungueni 1 Wakorintho 15. Barua hiyo iliandikwa kati ya mwaka 53 na 55 hivi. Yesu alisulubiwa mwaka 30 au 33. Katikati kuna miaka ishirini na kitu. Ishirini na kitu ni mingapi? Ni kutoka lava ya 2002 mpaka leo tulipokaa hapa. Nikisimama mbele yenu niseme kwamba mwaka 2002 lava haikufika ziwani, iligeuka njiani ikarudi, itakuwaje? Mama huyu wa mbele ameshaanza kutikisa kichwa. Mngenisimamisha. Nusu ya ukumbi huu ni mashahidi. Na Paulo anaandika kwamba Yesu aliwatokea ndugu zaidi ya mia tano kwa pamoja, "katika hao wengi wanaishi hata sasa". Maana yake nenda ukawaulize. Naye anasema hayo aliyapokea, yaani yalikuwepo kabla yake.

Katika orodha ile kuna jina moja ambalo mimi hurudi kwalo: Yakobo, ndugu yake Yesu. Yohana 7:5 inasema ndugu zake hawakumwamini. Tunaijua hali hiyo; nani nyumbani kwao humwona ndugu yake kuwa nabii? Halafu tunamkuta Yakobo yuleyule ni nguzo ya kanisa la Yerusalemu. Na mwaka 62 akauawa kwa mawe. Hilo halisemwi na Biblia, limeandikwa na Yosefo, mwanahistoria Myahudi ambaye hakuwa Mkristo. Kitu gani kilimgeuza Yakobo? Paulo anajibu kwa maneno machache: "baadaye akamtokea Yakobo".

Najua watu hufa hata kwa ajili ya uongo, kama wanauamini. Floribert Bwana Chui, kijana wa mji huu, alikataa rushwa mpakani ili chakula kilichoharibika kisiingie tumboni mwetu, akatekwa akauawa mwaka 2007, miaka 26 tu. Tarehe 15 Juni mwaka huu ametangazwa Mwenye Heri huko Roma, na wengi wenu mliimba usiku kucha. Kifo chake kinanionyesha imani yake ilikuwa ya kweli moyoni. Lakini yeye, kama mimi, aliamini kwa kuambiwa. Yakobo hakuambiwa. Kama ni uongo, yeye alikuwa mahali pa kuujua.

Dini ya wazungu? Nitasema kifupi. Towashi wa Kushi alibatizwa katika Matendo 8 kabla Injili haijafika Ulaya. Athanasio nimemtaja. Ndiyo, walikuja wengine wenye Biblia mkono mmoja na fimbo mkono wa pili, na nchi hii ina makovu, sitawatetea. Ila mkumbukeni Simon Kimbangu. Sikubaliani na kila fundisho lililokuja baadaye kwa jina lake, lakini mwaka 1921 huko Nkamba katekista huyo alihubiri miezi michache tu, na serikali ya Ubelgiji ikamhukumu kifo, kisha kifungo cha maisha. Wakampeleka Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Akafia gerezani tarehe 12 Oktoba 1951. Miaka 30. Kama kitabu hiki kilikuwa chombo chao, mbona walimwogopa hivyo Mkongomani aliyekisoma mwenyewe?

Mwingine anauliza kama Nyiragongo ni adhabu ya dhambi za Goma. Tulihubiriwa hivyo 2002, na tena Mei 2021. Yesu aliletewa habari za msiba wa siku zake, naye akawataja pia watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara Siloamu: mwadhani walikuwa wakosaji kuliko wote waliokaa Yerusalemu? Akajibu mwenyewe: "Sivyo." Kisha akawaita wote watubu, walio hai, wasikilizaji. Mhubiri anayemwambia mwenye nyumba iliyoungua kwamba ni dhambi yake, anasema kinyume cha Bwana wake. Anayetaka kujua mlima unawaka kwa nini, awaulize wa Observatwari, kituo cha kuchunguza volkano, wanaousikiliza usiku na mchana.

Karatasi ya mfukoni.

Imekunjwa mara nne. Mwandiko ni wa mtu mzima. Inasema: "Mwanangu alikufa Januari, risasi ilipita ukutani. Biblia inasema kwa nini?"

Mama, au baba. Nimetafuta tangu Jumatano. Haisemi. Haisemi kwa nini wako na si wa jirani, na mtu akikuambia anajua, usimsikilize. Nilichokipata ni Zaburi ya 88. Zaburi nyingi za kilio huanza kwa machozi na mwishoni hugeuka, mtu anamsifu Mungu. Hiyo haigeuki. Mtu anaita mchana na usiku, anauliza mbona unanificha uso wako, na inaishia gizani. Nanyi mmeona sisi wa korali tulivyofanya: wimbo ukitushinda kwa uzito tunauongezea ubeti. Zaburi hii imenakiliwa kwa mkono zaidi ya miaka elfu mbili, na watu waliofiwa, waliohamishwa, waliochomewa miji yao. Mikono yote hiyo iliufikia mstari wa mwisho, ikauacha ulivyo. Hakuna aliyemwongezea mlizi yule faraja ambayo yeye mwenyewe hakuwa nayo. Na Yesu msalabani aliomba kwa zaburi ya kilio, "mbona umeniacha", naye hakujibiwa saa ile.

Maswali mengine tutayaendea Jumamosi ijayo, saa tisa, Mungu akipenda. Leo sikimbilii nyumbani. Nitakaa kwenye lile benchi la mlangoni, pale kilipokuwa kikapu, na Biblia yangu imefunguliwa kwenye zaburi hiyo. Mwenye karatasi hii akitaka, aje tuisome pamoja. Asipotaka kusoma, tutakaa tu.